Faili za Matini na Faili za Binari katika Hazina Mpya ya Matoleo: Mfano wa Mkusanyiko wa Usemi wa Gichugu, Kianyaga

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha arudipo kutoka uwandani huwa na mali ya namna mbili: sauti za wasemaji, na maandishi yaliyotokana na sauti hizo. Zamani mali hiyo iliwekwa katika kanda na madaftari, na kila namna ilikuwa na kabati lake. Leo zote mbili ni faili ndani ya kompyuta moja. Na kwa kuwa zinakaa mahali pamoja, ni rahisi kudhani kwamba zaweza kutunzwa kwa utaratibu mmoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina hatari, na kwamba uamuzi wa faili ipi ihesabiwe kuwa matini na ipi ihesabiwe kuwa binari ni kazi ya mtaalamu wa lugha mwenyewe, tena ni kazi ya siku ya kwanza.

Mfano utakaotumiwa ni wa mkusanyiko mdogo ambao mtafiti angeweza kuuanzisha Kianyaga, mji ulioko Gichugu katika Kaunti ya Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, usemi wa Gichugu, pamoja na ule wa jirani yake Ndia, uko kati ya Kigikuyu cha Nyeri, Murang'a na Kiambu kwa upande mmoja, na Kiembu kwa upande mwingine. Kwa hiyo kila neno lililorekodiwa humo lina thamani kwa wanaochunguza mipaka ya lahaja na lugha. Pili, maandishi ya Kigikuyu hutumia herufi mbili, ĩ na ũ, ambazo, kama itakavyoonekana, zaweza kuifanya kompyuta ikosee kabisa aina ya faili.

2. Hazina ya matoleo na kazi yake

Tatizo la matoleo si geni kwa wasomi wa lugha za Afrika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa mfano, yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua mwishoni mwa karne ya 19, kisha yakahaririwa na William Hichens na kutolewa kama diwani mwaka 1940. Baina ya kinywa cha mshairi na ukurasa uliochapwa pana mikono kadhaa, na msomaji wa leo hawezi kujua katika kila mstari ni mkono upi uliobadili nini. Udhibiti wa matoleo hushughulikia hasa swali hilo: nani alibadili, alibadili nini, lini, na kwa sababu gani.

Programu za kazi hiyo zilianza mapema. Marc Rochkind alibuni SCCS katika maabara ya Bell mwaka 1972; Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alifuata na RCS mwanzoni mwa miaka ya 1980; na mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi siku hizi. Zote zilibuniwa kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, watu ambao karibu mali yao yote ni maandishi. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwa maana linaeleza kwa nini zana hizo ni stadi sana katika matini na ni nzito katika sauti na picha.

Katika Git, kuingiza faili katika hazina mpya hupitia hatua tatu. Amri ya git init huanzisha hazina ndani ya folda iliyochaguliwa. Amri ya git add huiweka faili katika faharasa, yaani orodha ya vitu vilivyotayarishwa lakini bado havijakabidhiwa. Amri ya git commit huvikabidhi vitu hivyo kwa pamoja, pamoja na jina la mkabidhi, tarehe na maelezo mafupi ya kazi iliyofanywa. Kila faili iliyohifadhiwa hupewa alama ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, alama nayo hubadilika. Hivyo hazina yaweza kuthibitisha, miaka mingi baadaye, kwamba rekodi ni ile ile iliyokabidhiwa.

Hatua hizo zote hufanyika katika kompyuta ya mtafiti bila kuhitaji intaneti. Mtu aliyeko uwandani aweza kukabidhi kazi ya kila jioni, na kuipeleka chuoni siku atakapopata mtandao wa kutosha.

3. Matini ni nini, binari ni nini

Kwa kompyuta, kila faili ni mfululizo wa baiti. Hakuna kitu ndani ya faili kinachotangaza kwamba haya ni maneno ya mtu na hii ni sauti yake. Git hubahatisha: ili kuamua kama itaonyesha tofauti za mistari, husoma baiti 8,000 za mwanzo, na ikikuta humo baiti yenye thamani ya sifuri, huihesabu faili kuwa binari, isipoikuta, huihesabu kuwa matini.

Uamuzi huo una matokeo mawili. La kwanza ni ulinganishaji. Faili ya matini hulinganishwa mstari kwa mstari, na msomaji huonyeshwa neno lililoondolewa na lililotiwa mahali pake. Kuhusu faili ya binari, husemwa tu kwamba matoleo mawili yanatofautiana. La pili ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Linux na macOS humaliza kwa baiti moja, 10. Ili wenzi wanaotumia mifumo tofauti wasisumbuane, Git yaweza kuagizwa ibadili miisho hiyo wakati wa kuingiza na kutoa matini. Kwa matini huo ni msaada. Kwa sauti ni uharibifu.

Kipimo cha baiti sifuri hufaa mara nyingi, lakini si mara zote. Faili ya sauti ya WAV huwa na baiti sifuri tangu utangulizi wake, kwa hiyo hutambuliwa bila shida. Faili ya PDF, kama kurasa za sarufi ya zamani zilizopigwa picha, huanza kwa maneno yanayosomeka, na yaweza kupita kama matini. Nayo ina jedwali linalohesabu mahali pa kila sehemu kwa idadi ya baiti, hivyo kubadili miisho ya mistari huvuruga hesabu hiyo. Faili ya docx nayo, ingawa humwonyesha msomaji maneno matupu, ni bunda lililobanwa, na Git huiona kuwa binari. Mtafiti aliyeandika tafsiri zake zote katika docx amejinyima ulinganishaji ambao ndio faida kuu ya hazina.

4. Herufi ĩ na ũ

Kigikuyu kina irabu saba, na maandishi yake huziandika i, ĩ, e, a, o, ũ, u. Herufi zenye alama ya wimbi si pambo. Zinatenganisha irabu zilizo tofauti katika matamshi na katika maana. Mfumo wa zamani wa ASCII, wenye nafasi 128 tu, haukuwa na herufi hizo. Katika Unikodi zimepewa nafasi zao: ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169. Hata hivyo, zina matatizo mawili yanayogusa hazina moja kwa moja.

Tatizo la kwanza ni kwamba herufi moja yaweza kuandikwa kwa njia mbili: ama kwa nafasi yake moja, ama kwa i ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi inayojitegemea, U+0303. Jina Kĩrĩnyaga lina herufi 9. Likiandikwa kwa njia ya kwanza katika usimbaji wa UTF-8, lina baiti 11. Kwa njia ya pili lina baiti 13. Machoni ni neno moja. Kwa Git ni maneno mawili tofauti. Watafiti wawili wenye bodi za herufi tofauti wakifanya kazi katika faharasa moja ya msamiati, hazina itaonyesha mamia ya mabadiliko ambayo hakuna aliyekusudia kuyafanya, na sahihisho moja la kweli litapotea humo. Aidha, atafutaye neno kwa njia moja hatalipata lililoandikwa kwa njia nyingine. Dawa ni kuchagua njia moja, nayo iwe ile ya nafasi moja, na kuzigeuza faili zote kabla ya kukabidhi kwa mara ya kwanza. Kwa majina ya faili ni salama zaidi kutumia herufi za ASCII peke yake.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Wanafonetiki wengi hutumia programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Maelezo yanayoambatana na sauti huhifadhiwa katika faili za TextGrid, ambazo ni maandishi matupu. Lakini kwa mipangilio ambayo Praat imekuja nayo, faili isiyo na herufi ngeni huandikwa kwa ASCII, na ile yenye herufi nje ya ASCII huandikwa kwa UTF-16. Katika UTF-16 kila herufi ya kawaida ya Kilatini huchukua baiti mbili, na moja kati ya hizo mbili ni sifuri.

Matokeo yake ni ya ajabu. Faili ya maelezo ya Kiswahili, lugha isiyohitaji alama juu ya irabu, huandikwa kwa ASCII na kuingia hazinani kama matini. Faili ya maelezo ya usemi wa Gichugu, iliyotengenezwa na mtafiti yule yule kwa programu ile ile, huhesabiwa kuwa binari mara tu ĩ moja inapotokea ndani yake. Masahihisho yake hayataonekana, na watafiti wawili wakiishughulikia kwa wakati mmoja, kazi zao haziwezi kuunganishwa. Lugha imenyimwa haki ya kuhesabiwa kuwa maandishi kwa sababu ya tahajia yake sahihi. Wapo watakaoshawishika kuondoa alama za wimbi ili mashine iridhike. Huko ni kutibu kidole kwa kukata mkono. Ipasavyo ni kuiagiza Praat iandike kila faili kwa UTF-8, na kuzigeuza zile zilizokwisha kuandikwa, kabla ya kuingiza chochote. Tangu mwaka 2018 Git yenyewe yaweza kuelezwa kwamba faili fulani zimeandikwa kwa UTF-16, lakini njia hiyo hukataa zile zilizoandikwa kwa ASCII, na katika mkusanyiko wa Praat aina zote mbili huchanganyika.

5. Sauti: uzito na udhaifu wake

Kigikuyu ni lugha ya toni. Lilias Armstrong aliichambua toni hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1940, na G. N. Clements na Kevin Ford waliirejea katika makala ya mwaka 1979 kuhusu kuhama kwa toni. Tahajia ya kawaida haionyeshi toni hata kidogo. Kwa hiyo rekodi ya sauti si nakala ya ziada ya maandishi, bali imebeba sehemu ya lugha ambayo maandishi hayana. Ikiharibika, sehemu hiyo imepotea. Na msemaji aliyerekodiwa huenda hayupo tena.

Uzito wa rekodi waweza kukokotolewa. Sauti ya njia moja yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, huchukua baiti 88,200 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 317.5 kwa saa. Ikichukuliwa kwamba msemaji hutamka maneno 120 kwa dakika, na kwamba kila neno pamoja na nafasi yake huchukua baiti 7, maandishi ya saa hiyo hiyo ni kama baiti 50,400. Sauti ni nzito kuliko maandishi yake mara 6,300. Huduma ya GitHub hukataa faili ya kawaida inayozidi mebibaiti 100. Rekodi ya saa nzima haitapokewa, ilhali ile ya dakika kumi, yenye megabaiti zipatazo 53, itapita ikiwa na onyo. Tena, matini ikibadilishwa kidogo, Git huweza kuhifadhi tofauti kwa nafasi ndogo sana. Sauti ikisafishwa kelele, karibu faili nzima huhifadhiwa upya, na ile ya kwanza hubaki katika historia.

Ndiyo sababu ilibuniwa nyongeza ya Git LFS mwaka 2015. Badala ya sauti yenyewe, hazina hupokea kijifaili chenye mistari mitatu: toleo la kanuni, alama ya utambulisho ya sauti, na ukubwa wake. Sauti huwekwa katika ghala la pembeni na kuletwa inapohitajiwa. Lakini agizo hilo hapana budi litangulie kuingizwa kwa faili; likichelewa, rekodi zilizokwisha kukabidhiwa hubaki ndani ya historia na uzito wake wote.

Udhaifu wa sauti ni jambo la kutahadhari zaidi kuliko uzito wake. Na ichukuliwe kwamba mtafiti, kwa kutaka kurahisisha, ameiagiza Git ihesabu kila faili kuwa matini. Katika megabaiti mia tatu za rekodi, jozi ya baiti 13 na 10 hutokea kwa bahati mara nyingi. Kila inapotokea, Git huiondoa ile 13. Kwa kuwa kila sampuli ni baiti mbili, kuondolewa kwa baiti moja huzisogeza sampuli zote zinazofuata: nusu ya sampuli moja huungana na nusu ya nyingine, na sauti ya mzee hugeuka mvumo mpaka jozi nyingine iondolewe. Tena uharibifu huo haujitokezi mara moja. Faili iliyoko katika folda ya mtafiti haikuguswa. Iliyoharibika ni ile iliyomo hazinani. Yeye ataendelea kuisikiliza rekodi yake bila wasiwasi, na mwenzake aliyeko Nairobi atakayechukua nakala ndiye atakayepokea kelele. Ikiwa katikati ya hayo kompyuta ya uwandani imekwisha kufutwa, hakuna pa kurejea.

6. Utaratibu wa siku ya kwanza

Kutokana na hayo, utaratibu ufuatao wafaa kwa mkusanyiko mpya.

(a) Kuanzisha hazina kwa git init, na kabla ya kuingiza chochote kuandika faili iitwayo .gitattributes. Humo kila aina ya faili hutajwa kwa jina. Mfano wake ni huu:

* text=auto
*.txt text eol=lf
*.eaf text eol=lf
*.TextGrid text eol=lf
*.pdf binary
*.jpg binary
*.wav binary

Mstari wa kwanza huiachia Git ibahatishe pale tu ambapo hakuna agizo jingine. Sifa moja ikitajwa katika mistari miwili, ule wa chini ndio unaofuatwa. Faili za eaf ni zile za programu ya ELAN ya Taasisi ya Max Planck, Nijmegen. Ni matini, kwa kuwa zimeandikwa kwa XML. Mtafiti atakayetumia Git LFS hataandika mstari wa wav kwa mkono, bali atauacha uandikwe na amri ya git lfs track.

(b) Kuandika faili ya .gitignore, inayotaja vitu visivyopaswa kuingia kamwe. Hapa panahusika heshima ya wasemaji. Fomu za ridhaa zenye majina, namba za simu na vitambulisho hazina nafasi katika hazina itakayosambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzilinda habari za namna hiyo. Kufuta faili katika toleo la leo hakuiondoi katika matoleo ya jana, na kila aliyekwisha kuchukua nakala anayo. Rekodi ambayo msemaji hajairuhusu ikae nje ya hazina hadi aruhusu.

(c) Kugeuza matini zote ziwe katika UTF-8, na herufi ĩ na ũ ziwe katika namna moja.

(d) Kuingiza matini kwanza kwa git add, kisha kukagua. Amri ya git ls-files --eol huonyesha jinsi kila faili ilivyopokewa. Amri ya git diff --cached --numstat huonyesha idadi ya mistari kwa kila matini, na vistari viwili kwa kila binari. TextGrid ikionyeshwa kwa vistari, ijulikane kwamba bado imo katika UTF-16. Faili ya wav ikionyeshwa kwa idadi ya mistari, kazi isimame hapo.

(e) Kukabidhi matini, kisha kuingiza sauti na kuzikabidhi peke yake, zikiwa na maelezo ya mahali, tarehe na chombo kilichorekodia. Rekodi ya asili isihaririwe kamwe. Iliyosafishwa ipewe jina lake.

(f) Kuchukua nakala ya hazina katika kompyuta nyingine, na kuzisikiliza rekodi kadhaa kutoka katika nakala hiyo. Jaribio hili ndilo pekee linaloonyesha kwamba kilichokabidhiwa ndicho kitakachopokewa. Hadi lifanyike, kadi ya kinasa sauti isifutwe.

Ikigunduliwa baadaye kwamba matini ziliingizwa na miisho isiyofaa, amri ya git add --renormalize huzipitia upya. Amri hiyo haiwezi kuirudisha sauti iliyokwisha kuharibika.

7. Hitimisho

Mkusanyiko wa Kencorpus, uliotolewa na wataalamu wa Kenya mwaka 2022, una matini 4,442 na faili za sauti 1,152 zenye saa zipatazo 177, katika Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kigikuyu hakimo. Kazi kama hiyo kwa lahaja za Kirinyaga yaweza kuanzishwa na mtu mmoja mwenye kinasa sauti na kompyuta ya kawaida, na ndiyo sababu uamuzi wa mtu huyo una uzito: huenda hakuna mkusanyiko mwingine wa kusahihisha wa kwake.

Mgawanyo wa matini na binari hutazamwa na wengi kuwa jambo la mafundi. Makala haya yameonyesha kwamba ndani yake mna maswali ya lugha: ni herufi zipi huhesabiwa kuwa za kawaida, ni sehemu gani ya usemi isiyoandikika, na ni mabadiliko gani yapaswa kuonekana na wasomi watakaofuata. Programu haina ujuzi wa kuyajibu hayo. Hutazama baiti sifuri tu. Majibu ni ya mtaalamu wa lugha, na huandikwa katika mistari michache ya .gitattributes kabla faili ya kwanza haijaingizwa.